Umoja wa nchi na haki ya kuandamana: majibu kwa barua zenu

Barua tano tunazozijibu katika toleo hili zimetoka katika komine mbalimbali za Lubumbashi, na walioziandika hawajuani, lakini zote zinazunguka swali moja: je, katika nchi yenye makabila na rangi nyingi kama Kongo yetu, raia anaweza kuingia barabarani kudai haki yake bila kuharibu umoja wa taifa? Majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe. Barua tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Mwanangu anataka kuandamana, nami ninaogopa

*Mama Wakili, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Katanga, na mume wangu ni mtu wa Kasai ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Mwaka 1992 ukoo wa mume wangu ulifukuzwa Likasi, na wawili kati ya wakwe zangu walifia njiani ndani ya treni. Sasa mwana wetu wa kwanza, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anataka kutembea na vijana wa mtaa kudai maji ya bomba, kwa sababu tunakaa majuma mazima bila tone. Kanisani tuliambiwa kwamba maandamano yanagawa taifa, na kwamba mwenye kupenda umoja hukaa nyumbani na kusali. Woga wangu unakubaliana na mahubiri hayo, lakini mwanangu ananiuliza: sisi tukinyamaza, nani atatusemea? Nimjibu nini? — Mama wa Katuba*

Mama, pole kwa ajili ya wakwe zako. Woga wako una sababu, nami sitaki kuudharau hata kidogo, kwa kuwa mtu anayewaambia watu wa Kasai waishio Katanga kwamba hawana cha kuogopa, huyo ama hakuwapo mwaka 1992 ama ameamua kusahau. Hata hivyo naomba tuitazame historia hiyo pamoja na bila haraka, kwa sababu kila ninapoirudia naona inafundisha kinyume cha yale mliyoambiwa kanisani.

Kabla ya watu kufukuzwa, nchi yetu ilikuwa imeishi zaidi ya miaka ishirini chini ya chama kimoja. MPR, chama cha Rais Mobutu, ilianzishwa mwaka 1967, na katika miaka yote iliyofuata watu waliandamana kwa kuitwa, ili kumsifu kiongozi. Umoja uliimbwa kila asubuhi shuleni na kazini. Aliyekuwa na malalamiko aliyameza, awe Mlunda, Mluba, Mbemba au Mtetela. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na wiki tatu hazikuisha kabla ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa katika makazi yao. Ndivyo serikali ilivyowajibu vijana wa kwanza kuamini kwamba sasa wanaweza kusema.

Katika miaka hiyohiyo migodi ilikuwa inakufa. Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 60,000 ilipofika mwaka 1993. Mishahara ilichelewa, kisha ikakatika, na pesa yenyewe ilipoteza thamani mikononi mwa watu. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki, na njia yake ilikuwa kwenda kwa wale waliokula mali ya kampuni na ya nchi. Lakini mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliojadili mageuzi ya siasa ya nchi, ulipomchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, wanasiasa wa mkoa wetu waliigeuza hasira hiyo ikamwelekea jirani. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, pamoja na viongozi wenzake wa chama cha UFERI, walihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Vijana wao wakaanza kuwatoa watu ndani ya nyumba, kwanza Likasi, baadaye Kolwezi, na mamia ya maelfu wakajikuta wamelala kwenye vituo vya reli wakingoja treni za kuwapeleka katika Kasai ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto wengi walifia njiani. Hayo unayajua kuliko mimi, Mama.

Basi ukimya wa miaka zaidi ya ishirini haukuwalinda wakwe zako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na taifa lililokatazwa kulalamika kwa serikali yake lilikuwa limeficha maradhi kwa muda mrefu mno. Mtu aliyenyimwa haki ya kumwuliza mkubwa wake kwa nini hakuna mshahara, huwa tayari kumsikiliza yeyote atakayemwambia kwamba mshahara wake umeliwa na mwenye nyumba ya pili.

Mji huuhuu unayo historia nyingine, ambayo watoto wetu wanaisikia kidogo sana. Desemba 1941, wakati vita vya dunia vilipokuwa vimepandisha bei za vyakula na nguo, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, waliacha kazi kudai nyongeza ya mshahara. Kampuni ilikuwa imewakusanya kutoka Katanga, kutoka Kasai na kutoka mbali zaidi, ikawaweka katika kambi zake, na ingewafaa wakubwa wa kikoloni kama wafanyakazi hao wangegombana wao kwa wao. Badala yake walisimama pamoja mbele ya mwajiri mmoja. Tarehe 9 Desemba, wakiwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari waliwapiga risasi, na makumi wakafa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Katika damu ile kulikuwa na watu wa mikoa ambayo miaka hamsini baadaye iliambiwa kwamba haiwezi kuishi pamoja.

Mimi nalinganisha matukio hayo mawili kwa kuuliza jambo moja: madai yalielekezwa kwa nani? Waliogoma mwaka 1941 walimdai mwajiri, na kila aliyekuwa na njaa, wa kabila lolote, aliweza kuingia katika dai hilo. Vijana wa mwaka 1992 walimdai jirani aondoke. Anayeidai serikali anamkubali jirani yake kuwa mwenye haki sawa naye, hata kama hajawahi kulifikiri hivyo. Anayemdai jirani ahame amekwisha kumtoa katika taifa kabla hajamgusa kwa mkono. Wingi wa watu na ukali wa nyimbo haviniogopeshi sana. Ninaogopa nikisikia jina la kabila katika wimbo.

Kwa hiyo, Mama, mwulize mwanao maswali machache kabla hujampa baraka au kumzuia. Barua ya madai imeandikwa, na umeisoma? Kati ya wanaoitayarisha kuna watoto wa Kasai, wa Katanga, wa Kivu, au wote wametoka upande mmoja? Kuna mwanasiasa anayelipia fulana na usafiri? Akitokea mtu katikati ya msafara akaanza kutukana kabila fulani, nani amepewa kazi ya kumnyamazisha na kumtoa? Kama majibu ni mazuri, basi maji ni ya kila nyumba, na kijana anayetembea kuyadai pamoja na majirani wa makabila yote anaujenga umoja kwa miguu yake. Kama majibu ni ya kukwepa, mzuie, tena bila kuona haya. Na sala iendelee. Sioni mahali ambapo inapingana na barua ya madai.

Tumeambiwa hatuna kibali

*Wakili, sisi ni vijana wa Ruashi. Tuliandika barua kwenye ofisi moja ya serikali kuarifu kwamba tutatembea kwa amani kudai barabara ya mtaa itengenezwe. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba hatuna kibali na kwamba tukitoka tutakamatwa. Sheria inasemaje? — Vijana wa Ruashi*

Wadogo zangu, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 26, inasema kwamba uhuru wa kuandamana unalindwa, na kwamba maandamano yoyote ya barabarani au mahali pa wazi yanawalazimisha waandaaji kuiarifu kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika. Kuarifu ni tofauti na kuomba. Anayearifu anaipa serikali nafasi ya kutuma polisi wa kulinda msafara, kugeuza njia ya magari na, kama makundi mawili yamechagua saa moja na mahali pamoja, kuzungumza nayo ili moja lisogee. Mazoea ya kudai kibali yametoka katika utawala wa zamani. Kuna pia Sheria-amri namba 196 ya tarehe 29 Januari 1999, iliyotungwa miaka saba kabla ya Katiba, ambayo ofisi nyingi bado zinaishika mkononi. Lakini sheria ya chini haiwezi kuipunguza Katiba.

Hayo ndiyo maandishi. Katika maisha ninayoyaona, haki yenu inategemea sana karatasi. Barua yenu iandikwe Kifaransa sanifu, itaje siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, njia mtakayopita, jambo mnalodai, na majina ya waandaaji watatu au wanne wanaokubali kujibu. Ipelekeni mkiwa na nakala mbili, na msiondoke kaunta kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Jibu la mdomo lisilo na saini ni gumu kulishtaki na ni rahisi kulikana, kwa hiyo andikeni barua ya pili mkieleza kwamba siku fulani mliambiwa hivi, na mnaomba sababu kwa maandishi. Mara nyingi barua hiyo ya pili ndiyo inayofungua mazungumzo. Ofisi ikiendelea kukataa, nendeni kwa wakili au kwa chama cha haki za binadamu kabla ya siku yenyewe.

Kama mtu amekamatwa, kifungu cha 18 kinataka aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana papo hapo na familia yake au na wakili, na hawezi kushikiliwa polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, ama aachiliwe ama apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Wazazi wengi huanza kuzungushwa na kuombwa pesa kwa sababu hawaijui namba hiyo ya saa. Iandikeni kwenye karatasi na kuwaachia nyumbani.

Sasa niseme lililo gumu. Haki iliyoandikwa haizuii risasi. Tarehe 30 Agosti 2023, Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, zaidi ya watu 40 waliuawa na wanajeshi alfajiri, kabla ya kuanza maandamano waliyokuwa wameyatangaza dhidi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Baadaye mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali aliyeongoza wanajeshi hao. Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na sisi wa mkoa wa Haut-Katanga hatumo katika hali hiyo, lakini waliokufa mikononi mwa askari katika maandamano ya Kinshasa na ya hapa Lubumbashi mwaka 2016 hawakuwa wamebeba bunduki. Kifungu cha 28 kinamfungua askari kutoka katika amri ambayo kwa wazi inavunja haki za binadamu, na cha 183 kinasema kwamba polisi ni wa taifa, na hakuna anayeruhusiwa kuwatumia kwa faida yake mwenyewe. Kila afisa anapaswa kukumbushwa hayo mapema, katika ofisi, kwa heshima. Barabarani muda huo haupo. Nanyi wekeni walinzi wenu wa msafara, wavae kitu kinachoonekana, wachague mapema mahali pa kutawanyikia, na anayeokota jiwe atolewe papo hapo, hata kama ni rafiki. Watoto wa shule msiwachukue kabisa.

Profesa anasema umoja kwanza, haki baadaye

*Mama Wakili, ninasoma sayansi ya siasa. Mwalimu mmoja alitufundisha kwamba nchi za rangi na makabila mengi zinapaswa kuweka umoja mbele na kuahirisha haki, akatoa mfano wa Malaysia, ambayo baada ya fujo za mwaka 1969 ilikaza mikono na ikaendelea. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, Kampemba*

Mwalimu wako amechagua mfano mzuri, lakini ameuacha katikati. Malaysia ni nchi ya Wamalay, Wachina, Wahindi na wenyeji wa Sabah na Sarawak. Tarehe 13 Mei 1969, siku tatu baada ya uchaguzi, Wamalay na Wachina walishambuliana Kuala Lumpur, na hesabu ya serikali ilitaja watu 196 waliokufa. Hali ya hatari ikatangazwa, bunge likasimama hadi Februari 1971, na ikawa kosa la jinai kujadili hadharani baadhi ya mambo yanayogusa haki za kila rangi. Uchumi ulikua na umaskini wa Wamalay ulipungua sana. Hilo ni la kweli, na mwenye haki hawezi kulinyamazia.

Kilichofuata ni kwamba woga wa mwaka 1969 ukawa chombo cha watawala. Kwa miaka mingi kila mkusanyiko ulioikosoa serikali uliambiwa kwamba utarudisha damu ya 13 Mei, hata ulipokuwa hauna uhusiano wowote na rangi za watu. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1960 ya kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani, na mwaka 1987 zaidi ya watu mia moja walikamatwa kwa mpigo, wakiwemo wapinzani na watetezi wa haki. Muungano tawala ulijengwa juu ya vyama vya rangi, kila rangi na chama chake, wakubwa wakizungumza juu na wananchi wakikaa mbalimbali chini.

Mwaka 2011 muungano wa vyama vya kiraia ulioitwa Bersih uliwaita watu barabarani, Kuala Lumpur, wakiwa wamevaa fulana za manjano. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Ambiga Sreenevasan, mwanasheria mwenye asili ya Kihindi. Madai yao yalikuwa manane, na yote yalihusu uchaguzi: daftari la wapiga kura lisafishwe, wino usiofutika upakwe vidoleni, vyombo vya habari vitoe nafasi sawa, rushwa ikomeshwe, na mengine ya aina hiyo. Sisi Wakongo tunaoujua wino huo kidoleni tunaweza kulielewa dai hilo bila mkalimani. Serikali iliupiga Bersih marufuku, na hata fulana za manjano, ikaonya kwamba watu wa rangi mbalimbali watapigana. Tarehe 9 Julai 2011 makumi ya maelfu walitoka, polisi wakatumia mabomu ya machozi na maji, na zaidi ya watu 1,600 wakakamatwa. Lakini ile vita ya rangi iliyotabiriwa haikutokea. Wamalay, Wachina na Wahindi walikimbia moshi uleule, wakapeana maji na chumvi, na wengi wao walisimulia baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza walijiona watu wa nchi moja.

Sheria ya mwaka 2012 ya mikusanyiko ya amani iliondoa kibali cha polisi na kuweka taarifa mahali pake, ingawa ilileta vikwazo vyake pia. Wino ulianza kutumika katika uchaguzi wa 2013. Mwezi wa Mei 2018, muungano uliotawala tangu uhuru wa mwaka 1957 ulishindwa kwa kura na ukaondoka bila vita. Siasa za rangi hazijaisha Malaysia, wala sisemi kwamba fulana za manjano ziliponya kila kitu. Ninachosema kwa mwalimu wako, kwa heshima yote, ni kwamba haki ilipoahirishwa kwa miaka arobaini umoja haukukomaa. Ulianza kuonekana siku watu wa rangi zote walipodai jambo moja mbele ya serikali moja.

Wananiambia nirudi kwetu

*Mama, baba yangu alikuwa Mgiriki, mama yangu ni wa Kasenga. Nimezaliwa hapa, nina duka hapa, watoto wangu wanasoma hapa. Nilipotaka kujiunga na wanawake wa soko katika msafara wao kuhusu kodi zinazotozwa mara mbili, baadhi walifurahi, lakini mmoja akasema: muzungu, mambo haya si yako, rudi kwenu. Je, nina haki? — Dada wa Kamalondo*

Dada yangu, unayo haki kamili. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema kwamba mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongo, naye ni Mkongo tangu kuzaliwa. Kwa upande wa mama yako jambo limekwisha, mradi hushiki uraia wa nchi nyingine pamoja na huu, maana Katiba inasema uraia wetu hauchanganywi na mwingine. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongo kwa ajili ya rangi, kabila au asili ya ukoo wake, na kile cha 66 kinampa kila Mkongo wajibu wa kumheshimu mwenzake bila ubaguzi. Zaidi ya hayo, ipo amri ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Yule aliyekuambia urudi kwenu angepaswa kuijua.

Najua kwamba tangu mwaka 2021, lilipopelekwa bungeni pendekezo la kuwafungia nafasi za juu za nchi wale tu waliozaliwa na baba na mama Wakongo, watu wa damu mbili wamekuwa wakitazamwa upya. Pendekezo hilo liliniumiza. Lubumbashi imejengwa na Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi, Wahindi na Walebani pamoja na watu wa mikoa yote, na ndani ya mji huu kuna familia ambazo haziwezi kugawanywa kwa kisu cha namna hiyo.

Wanawake wa Afrika Kusini walilijibu swali lako zamani. Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walikwenda Pretoria hadi majengo ya serikali, kupinga pasi, yaani vitambulisho vya kuruhusiwa kutembea, ambazo wanawake Waafrika walikuwa wanalazimishwa kubeba. Wanne walioongoza mbele walikuwa Lilian Ngoyi, Mwafrika. Helen Joseph, mzungu mzaliwa wa Uingereza. Rahima Moosa, mwenye asili ya Kihindi. Na Sophia Williams, wa damu mchanganyiko. Pasi zile hazikumhusu Helen Joseph hata kidogo. Alikwenda hata hivyo, na miaka iliyofuata alilipa kwa kushtakiwa kwa uhaini na kufungiwa nyumbani kwake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mambo yale hayakuwa yake. Wewe kodi hiyo inayotozwa mara mbili unailipa mwenyewe, kwenye duka lako. Nenda na wenzako wa soko. Naomba tu usitembee peke yako pembeni. Tembea katikati ya wanawake wanaokujua kwa jina, na wao wawe wa kwanza kumjibu yule anayekutukana.

Vijana wanatulazimisha kufunga biashara

*Wakili, mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu anauza unga hapa komine ya Kenya. Siku za kufunga mji, watu wanapoitwa kubaki nyumbani na kuacha kazi ili kudai jambo, vijana hupita wakitishia kuchoma meza ya atakayefungua. Je, nayo ni haki ya raia? — Baba wa Kenya*

Hapana, Baba. Kifungu kilekile cha 26 kinachowalinda vijana hao kinasema pia kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Kubaki nyumbani kwa hiari ni njia ya amani, nami naiheshimu, hasa pale ambapo kutoka barabarani kunaleta risasi. Lakini meza ya mama anayeuza unga ni chakula cha jioni cha nyumba nzima, na anayetishia kuichoma anafanya kosa la jinai kama mwizi mwingine yeyote.

Wewe umewafundisha vijana wa mtaa huo, na pengine baadhi ya hao wanaopita na vitisho walikaa darasani kwako. Waite waandaaji, uwaeleze kwamba wauzaji wa chakula wapewe saa za asubuhi za kuuza kabla ya mji kufungwa, na kwamba wauzaji waarifiwe siku mbili au tatu mapema ili wasinunue mzigo utakaoharibika. Wakikubali, walitangaze sokoni wao wenyewe, majina yao yakijulikana. Wakikataa na vitisho vikiendelea, peleka malalamiko yaliyoandikwa kwa mkuu wa komine na ubaki na nakala yenye muhuri, kama nilivyowaeleza vijana wa Ruashi.